Everyone has au everyone have? Jinsi ya kupatia upatanisho wa Kiingereza kwa kutumia Kiswahili chako mwenyewe

Kuna sentensi naiona karibu kila wiki, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye matangazo ya vikao, mpaka kwenye barua za kuomba kazi: “Everyone are welcome”. Aliyeandika ana nia nzuri na msomaji anaelewa, shida inakuja pale msomaji mwenyewe ndo anasahihisha mtihani wako, au ndo anachambua nani aitwe intavyuu na nani asiitwe. Hapo hiyo are moja inakugharimu.

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza jioni, wengi wanaokuja ni vijana wa kidato cha tatu na cha nne, na wapo watu wazima wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na kila kundi jipya linakosea palepale. Kinachoniuma ni kwamba wengi wao wameshapewa orodha ndefu ya maneno wakaambiwa wakariri, haya ya umoja, haya ya wingi, haya yanabadilika, wakati kichwani tayari wana lugha yenye upatanisho mkali kuliko Kiingereza. Mtu aliyekulia na Kiswahili ukimwambia “kila mtu wamekuja na kikombe chake” sikio linakataa hapohapo, hahitaji kitabu. Sasa sikio hilohilo ndo tutalitumia hapa. Tutaenda hatua kwa hatua, alafu nitakuonyesha sehemu ambazo sikio la Kiswahili linakupoteza, maana zipo, na ni muhimu uzijue kwa majina yake.

Maneno yenyewe ni kama everyone, nobody, each, some, none, all, yaani yale yanayomtaja mtu au kitu bila kusema ni nani hasa au ni ngapi hasa. Kwenye vitabu vya grama wanayaita indefinite pronouns. Jina hilo ukilisahau haina shida.

Hatua ya 1: jua s inakaa wapi

Kabla ya chochote lazima hili likae. Kwenye Kiingereza s kwenye nomino ni alama ya wingi, book, books. Lakini s kwenye kitenzi ni alama ya umoja. The boy goes, the boys go. Watu wanachanganya kwa sababu wanafikiri s ni s tu, kwahiyo wakiona watu wengi wanaweka s kila mahali, “the boys goes”. Angalia hivi: is, was, has, does, goes, knows, zote zinaishia na s na zote ni za umoja. Are, were, have, do, go, know hazina s na ni za wingi. I na you ndo zinatoka nje ya mstari huo, maana tunasema I have, you have, you were, lakini leo hatuhangaiki nazo.

Na tatizo hili lipo kwenye wakati uliopo, pamoja na was na were. Ukiandika came, went, will, can, must, hakuna cha kuchagua, nobody came, all came, imeisha.

Hatua ya 2: one, body, thing

Neno lolote linaloishia na one, body au thing ni umoja, siku zote. Everyone, everybody, everything, someone, somebody, something, anyone, anybody, anything, no one, nobody, nothing. Ukitazama mkia wa neno utaona hawajaandika ones, bodies wala things.

Kosa linatoka wapi basi? Linatoka kwenye tafsiri. Mtu anasoma everyone, kichwani anaona “watu wote”, na watu wote ni wa-, wamefika, wanajua, kwahiyo mkono unaandika are. Badilisha tafsiri tu. Everyone ni “kila mtu”, na kila mtu ni a-. Kila mtu anajua, everyone knows. Kila mtu ana simu, everyone has a phone. Everything ni “kila kitu”, kila kitu kiko tayari, everything is ready, sio “viko tayari”. Someone ni mtu fulani, anyone ni mtu yeyote, nobody ni hakuna mtu. Zote umoja kwa Kiswahili, zote umoja kwa Kiingereza. Kama unataka kusema watu wote kweli, andika all the people, na hapo are inakubalika.

Kwenye swali ile s inahamia kwenye does, na ikihamia haibaki nyuma. Does anyone know the answer? Sio “does anyone knows”. Has everybody eaten? Is anything missing?

Kwa nobody na nothing angalia jambo moja zaidi. Tunaposema “hakuna mtu aliyekuja”, ukanushi uko kwenye hakuna peke yake, aliyekuja ni kitenzi cha kukubali kabisa. Kiingereza kinafanya vilevile, nobody came, nobody knows. Ukiandika “nobody doesn't know” umesema hakuna asiyejua, yaani kila mtu anajua, kinyume kabisa cha ulichotaka.

Hatua ya 3: each, either, neither, one, na mtego wa of

Hapa ndo mitihani inapenda kukaa. Each of the students ... a book. Mwanafunzi anaona students, iko karibu na kitenzi, ina s, inaonekana wengi, anaweka have. Lakini students sio kiima cha kitenzi hicho, kiima ni each. Fanya kwa Kiswahili: “kila mmoja wa wanafunzi ana kitabu”. Sikio halikubali “wana” pale, kwa sababu linamfuata kila mmoja. Each of the students has a book.

Ukiwa na karatasi, funika kwa kidole kuanzia of mpaka kabla ya kitenzi. Each has. Neither is. One lives. Hiyo mbinu ya kidole inafanya kazi kwa maneno haya manne bila kushindwa (kwa maneno ya hatua ya 5 usiitumie kabisa, nitaeleza).

One of ina makosa mawili kwa mpigo na nimeona mtu akipatia moja akakosea lingine. Mmoja wa rafiki zangu anaishi Mombasa. Watu wanaandika “one of my friend live in Mombasa”. Sababu ni kwamba kwa Kiswahili rafiki, ndugu, dada na kaka mara nyingi hazibadiliki umbo, wingi unaonekana kwenye zangu tu, kwahiyo mtu anasahau kwamba Kiingereza kinataka wingi uonekane kwenye neno lenyewe. Huyo mmoja katoka kwenye kundi, na kundi lazima liwe friends. Alafu kitenzi kinamfuata yule mmoja, lives. One of my friends lives in Mombasa. S mbili, moja ya wingi kwenye friends, moja ya umoja kwenye lives, na zote zina haki ya kuwepo.

Either na neither ni kwa vitu viwili tu. Either ni “chochote kati ya hivyo viwili”, neither ni “hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili”. Neither of the answers is correct. Utawasikia Waingereza na Wamarekani wenyewe wakisema neither of them are, kwenye mazungumzo hiyo inapita na usimsahihishe mtu mezani, ila kwenye mtihani na kwenye barua rasmi andika is.

Sasa kuna kitu kinafanana na one of lakini kinageuka, na hapa Kiswahili kinakubeba vizuri mno mpaka huwa nafurahi kukifundisha. Ni sentensi yenye who. “She is one of those teachers who come early.” Kwanini come na sio comes, si tumesema one ni umoja? Sema kwa Kiswahili: “ni mmoja wa wale walimu wanaowahi kufika”. Umesikia? Wanaowahi. Huwezi kusema “mmoja wa wale walimu anayewahi” ukamaanisha kitu kilekile, kwa sababu wanaowahi ni sifa ya walimu wale wote na yeye yumo ndani yao. Who imeshika teachers. Lakini ukisema “ndiye peke yake kati ya walimu anayewahi”, sasa sifa ni yake yeye, na Kiingereza kinarudi umoja: she is the only one of the teachers who comes early. Ukikutana na swali la hivyo, tafsiri hiyo sehemu ya who tu, sikiliza kama umesema wa- au a-, andika.

Each ina tabia mbili nyingine. Ikikaa nyuma ya kiima cha wingi haibadilishi chochote, the boys each have a ball, maana kiima bado ni the boys. Na each au every zikitangulia majina mawili yenye and katikati, kitenzi kinabaki umoja, every man and woman has a right to vote, kama tunavyosema kila mwanamume na mwanamke ana haki ya kupiga kura.

Hatua ya 4: ya wingi tupu

Both, few, many, several, others. Wote wawili, wachache, wengi, kadhaa, wengine. Both are sick, many know this, few have passed, others were absent. Sina la kuongeza hapa zaidi ya kwamba much na little ni ndugu zao wa upande wa visivyohesabika, nazo ni umoja: much has changed, little is known about him.

Hatua ya 5: some, any, none, all, most

Walimu wanaziweka kwa herufi za mwanzo, SANAM. Mimi nawaambia wanafunzi wakumbuke sanamu, maana sanamu haina sura yake, inachukua sura ya unachokichonga. Maneno haya matano hayana umoja wala wingi wao, yanachukua sura ya nomino iliyo nyuma ya of. Kwahiyo kidole cha hatua ya 3 hapa kitakuangusha, ukifunika nomino umefunika jibu lenyewe.

Na Kiswahili kinafanya hivihivi kwa baadhi ya, nusu ya, sehemu kubwa ya. Baadhi ya wanafunzi wamefika, baadhi ya unga umemwagika. Kitenzi kinaifuata nomino ya nyuma. Some of the students have arrived, some of the flour has spilled. Mpaka hapo raha tupu.

Lakini sasa ndo tumefika kwenye sehemu niliyosema sikio linakupoteza, na kwa maoni yangu makosa mengi ya watu ambao Kiingereza chao tayari ni kizuri yako hapa. Tunasema maji yamemwagika, maziwa yameharibika, mafuta yamepanda bei, pesa zimeisha, nywele zake ni ndefu, habari zimefika. Sikio letu linasikia ya- na zi- na linapeleka taarifa kwamba ni vitu vingi. Kwahiyo mtu anaandika “all the money have finished” au “some of the water are dirty” na anaona kabisa amefuata kanuni, kumbe Kiingereza hakiulizi ngeli, kinauliza unaweza kuhesabu au huwezi. Hakuna one water, two waters ukiwa unazungumzia maji ya ndooni. Money haihesabiki, zinazohesabika ni shilingi na dola. All the money is finished. Some of the water is dirty. Most of the milk has gone bad.

Kibaya zaidi ni maneno ambayo kwa Kiswahili tunayahesabu bila shida yoyote. Mizigo mitatu, taarifa mbili, ushauri, vifaa vitano, fanicha, kazi za nyumbani za shule. Kwa Kiingereza luggage, information, advice, equipment, furniture, homework hazihesabiki na hazina s ya wingi. Most of the information is wrong. None of the equipment works. Ukiona mtu kaandika equipments au informations, jua na kitenzi chake kitafuata kukosea. Haya maneno ni machache, ningekushauri uyaandike nyuma ya daftari, ni sehemu pekee kwenye mwongozo huu ambayo nakuomba ukariri kweli.

Upande wa pili wapo wachache wanaogeuka. Suruali yangu imechanika, mkasi umepotea, miwani imevunjika, kwetu ni umoja, kwao trousers, scissors na glasses ni wingi hata kikiwa kimoja, kwahiyo utasema my scissors are lost.

Jikoni utaikumbuka vizuri hii. Umepika wali na maharage. Most of the rice is cooked, kwa sababu rice haihesabiki. Most of the beans are cooked, kwa sababu beans ni punje unazoweza kuhesabu hata kama hakuna mtu mwenye akili timamu atakaa ahesabu.

None peke yake inahitaji maneno mawili. Kihistoria imetoka kwenye Kiingereza cha kale, ne na an zikaungana, maana yake “hata moja hakuna”, na ndo maana wapo walimu wanaoshikilia kwamba lazima iwe umoja. Ila waandishi wazuri wametumia zote mbili kwa karne nyingi, none of the students has passed na none of the students have passed zote ziko sawa. Ushauri wangu kama ni mtihani: kikija kitu kisichohesabika ni umoja tu, none of the food is left, hakuna mjadala. Wakija watu au vitu vingi, umoja ndo salama zaidi kwenye maandishi rasmi, na unalingana na letu, hakuna hata mmoja aliyefaulu.

All ikisimama bila of, uliza unazungumzia watu au hali ya mambo. All are present, wote wapo. All is well, mambo yote shwari. Na hii ya kila siku, all I need is your help, ninachohitaji ni msaada wako.

Asilimia na sehemu zinaenda na sanamu hiyohiyo. Mko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa: half of the members have paid, wanachama wanahesabika. Half of the money has been paid, pesa haihesabiki. Na hapohapo kuna the number na a number, watu wanazifananisha. Idadi ya wanachama imeongezeka, kitenzi kimefuata idadi, the number of members has increased. Wanachama kadhaa wamejitoa, kitenzi kimefuata wanachama, a number of members have left. Ukianza na the fikiria “idadi”, ukianza na a fikiria “kadhaa”.

Hatua ya 6: baada ya kitenzi, their na vile viswali vya mwishoni

Umeshapatia everyone has, sasa unataka kusema kila mtu amekuja na kitabu chake. Kiswahili hakitengi yeye wa kiume na wa kike, chake inatosha. Kiingereza hakina hiyo chake, ndo wakaweka their: everyone has brought their book. Inaonekana ajabu, kitenzi umoja alafu their, lakini matumizi hayo yapo tangu karne ya 14 na leo ni ya kawaida kabisa. Ukiwa na mwalimu wa zamani anayetaka his or her, mpe his or her.

Kwenye viswali vya mwishoni inakuwa hivihivi. Everyone is here, aren't they? Kitenzi cha kwanza is, cha pili are kwa sababu ya they. Nobody called, did they? Hapa haiwi didn't, kwa kuwa nobody tayari imekanusha. Na kama ni kitu, tumia it: nothing is wrong, is it?

Hatua ya 7: either na or, neither na nor

Zikiunganisha majina mawili, kitenzi kinamfuata aliye karibu nacho. Neither the chairman nor the members were informed. Geuza, neither the members nor the chairman was informed. Kama sentensi ya pili inakukera sikioni, mweke wa wingi mwishoni, ni halali.

Sasa jaribu

Hili ni tangazo nimelitunga, lina makosa sita. Usishuke chini kabla hujayapata.

“Everyone are reminded about the meeting on Saturday. Each of the members have to pay before Friday. Some of the money have not been collected. One of our member has travelled and will pay by phone. Neither of the two receipt books are complete. Anyone who need help should call the treasurer.”

La kwanza unalijua tayari, kila mtu anakumbushwa, everyone is reminded. La pili funika kwa kidole, each has to pay. La tatu pesa zinakudanganya kwa zi- yake, some of the money has not been collected. La nne kitenzi wamepatia, has travelled, ila kundi limekosa s, one of our members. La tano vitabu viwili vya risiti, hakuna hata kimoja kilichokamilika, neither is complete. La sita wengi huwa wanaliruka kwa sababu who inaonekana kama haina umoja wala wingi, na kweli haina, inaazima kwa aliyetangulia. Aliyetangulia ni anyone, yeyote. Sema sauti ya juu “yeyote anayehitaji msaada”, hiyo a- uliyoisikia ndo s inayokosekana: anyone who needs help should call the treasurer.